Msimamizi si mrithi

Kikao cha ukoo kikishampendekeza kijana mkubwa wa marehemu na Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha, mtaani huanza kuitwa mrithi, naye huitikia. Dalali wa nyumba hufika hata kabla ya arobaini. Lakini barua ya mahakama iliyomthibitisha imemwita msimamizi wa mirathi: mtu wa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kilichobaki. Kwa utaratibu wa Tanzania, ana miezi minne kurudisha Fomu Namba 5 ya orodha ya mali na madeni, kisha Namba 6 ya hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Anaweza naye kuwa na fungu, sawa, ila kwa undugu wake na marehemu. Kwa hiyo mjane anayesukumwa kusaini asichokielewa akamwone wakili au msaidizi wa kisheria kwanza.