Yatokanayo na Kikao Kilichopita

Wengi wanaoandika historia ya Tanga huishia kwenye nyuki. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha jeshi kutoka Bara Hindi upande wa Raskazone, askari wachache wa kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, wakalirudisha baharini, na nyuki waliochokozwa na risasi wakamuuma kila waliyemkuta njiani. Ni kisa kitamu, na watu wa Tanga hukisimulia kana kwamba walikuwapo. Lakini vita ile ilianza tarehe 2 ikaisha tarehe 5. Yapo mambo ya mji ambayo hayakuisha siku hiyo wala hayajaisha hadi leo: nani azoe taka, nani akusanye ushuru sokoni, nyumba ya nani ilipiwe kodi kiasi gani, na mtaro wa barabara ya ngapi umeziba. Njia niliyoifuata mimi ni hiyo, kuanzia boma la Wajerumani lililo karibu na bandari hadi kwenye vikao vya madiwani wa sasa. Tanga ni mji wa baiskeli, na kwa safari hii baiskeli inatosha.

Boma la zamani sasa ni makumbusho, yanaitwa Urithi. Kabla ya boma, aliyeshika mji alikuwa liwali wa Sultani wa Zanzibar, na chini yake majumbe. Wajerumani walipomaliza vita vya pwani na kumnyonga Bushiri, kiongozi wa upinzani, kule Pangani, Desemba 1889, hawakuufuta utaratibu huo. Waliubakiza, wakaweka mkuu wa wilaya wao juu yake, na maakida wakazagaa wilayani na madaftari yao. Mambo yaliamuliwa barazani, mzungu kaketi kitini, wazee mbele yake. Ukitaka kuita hicho kikao cha halmashauri, utakuwa umekipa heshima isiyokuwa yake. Hata hivyo mashauri yaliyofika pale hayakuwa mageni: mipaka ya viwanja, deni, mbuzi aliyekula mazao ya jirani.

Serikali ya mji huanza kwa hesabu ya nyumba. Novemba 1897 Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba na vibanda, ikaanza kukusanywa Aprili 1898. Kibanda cha shamba kililipiwa rupia 3. Nyumba ya mjini ililipiwa zaidi, kulingana na ukubwa na ujenzi wake, hadi kufikia rupia 12 kwa mwaka. Tofauti hiyo kati ya shamba na mji si jambo dogo. Kwa mara ya kwanza mtu wa Tanga alitozwa kwa sababu amejenga mjini, na kadiri alivyojenga vizuri ndivyo alivyotozwa zaidi. Kila mwenye nyumba anaijua hesabu hiyo hadi leo: ukipiga plasta, afisa wa kodi anaiona kabla ya wageni wako.

Mwaka 1901 ikaja hatua ya pili. Kila wilaya ilipewa mfuko wake wenyewe, ukijazwa kwa sehemu ya kodi ya vibanda na kwa ada za ndani, na ukatumika kwa barabara, visima, masoko na shule. Mfuko ulikuwa na baraza lake, nalo liliongozwa na mkuu wa wilaya akizungukwa na wafanyabiashara na walowezi wa Kizungu. Walowezi wa nyuma ya Tanga, waliolima katani na kahawa, walilipenda sana baraza hilo kwa kuwa liliwapa sauti juu ya fedha ambayo kwa sehemu kubwa hawakuilipa wao. Mwaka 1909 mabaraza hayo yalivunjwa nchi nzima, zikasalia Dar es Salaam na Tanga pekee zikiwa na hadhi ya manispaa. Tanga, basi, ni miongoni mwa miji miwili ya kwanza bara kupata halmashauri yake. Wanaoringia historia ya mji wangeweza kuringia na hilo, lakini sijamsikia anayefanya hivyo. Nyuki wanauza zaidi.

Ukitoka bomani na kuvuka reli unaingia Ngamiani. Reli yenyewe ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Ngamiani imepangwa kwa mistari, barabara zake zina namba badala ya majina, na mkazi akikuelekeza kwake atakwambia barabara ya sita au ya kumi na tatu, asiongeze neno. Mpango huo unampendeza mtalii, lakini ulikuwa chombo cha kazi: nyumba zilizo kwenye mstari huhesabika, huzimwa moto, hukaguliwa choo na hulipishwa kodi bila karani kupotea. Makarani walikuwapo. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilitoa vijana wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini, wakatawanyika koloni lote wakiwa makarani na maakida. Pale shuleni pia ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi. Mwenye nyumba wa Ngamiani aliandikwa na Mswahili mwenzake, akalipishwa na Mswahili mwenzake. Barazani hakuwa na kiti.

Waingereza walipochukua nchi walileta Sheria ya Miji ya mwaka 1920, na mamlaka ya mji ambayo wajumbe wake waliteuliwa. Kipindi hiki nitakipita haraka kwa kuwa kilifanana sana na kilichotangulia, isipokuwa kanuni ziliongezeka. Mtu alihitaji ruhusa ya kuuza nyama, ya kujenga, hata ya kupiga ngoma. Hebu fikiria ruhusa ya ngoma katika mji ambao baadaye uliwalea Black Star na Lucky Star na kuifanya taarabu ya Tanga isikike Afrika Mashariki nzima. Kanuni za ujenzi nazo zilifanya kazi ya ubaguzi bila kutaja rangi ya mtu: upande wa Raskazone nyumba ilitakiwa iwe ya kiwango fulani, na kiwango hicho kilimfaa Mzungu; katikati ya mji kulikuwa kwa maduka ya Wahindi; miti na udongo viliruhusiwa Ngamiani. Pita leo kwa baiskeli kutoka ufukweni kuelekea Makorora utaiona mipaka hiyo ingalipo, ijapokuwa wakazi wamechanganyika zamani.

Mabaraza ya miji yenye sura tunayoitambua yalikuja na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953, na wajumbe wa kuchaguliwa wakaanza kuingia taratibu. Mwaka 1960 Dar es Salaam ilimpata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule yule aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Hapo pana jambo la kufurahisha: mtu aliyejua kuhesabu mizani akakabidhiwa kuhesabu mapipa ya taka. Tanga baada ya uhuru ilijitafutia rafiki wa mbali. Tangu 1963 ina undugu na mji wa Eckernförde, kaskazini mwa Ujerumani, na jina hilo gumu limebaki mjini kwenye shule.

Kisha ukafika mwaka 1972, na hapa lazima tukae kidogo.

Serikali ilitangaza Madaraka Mikoani. Washauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey walikuwa wamechora mpango, na nia iliyotangazwa ilikuwa njema: maamuzi yatoke Dar es Salaam yaende karibu na wananchi. Ila kilichopelekwa mikoani kilikuwa watumishi wa serikali kuu. Halmashauri za wilaya zilifutwa, na muda si mrefu zikafuata za miji. Mji kama Tanga ukaingizwa kwenye utawala ambao macho yake yote yalikuwa vijijini, kwani hiyo ndiyo ilikuwa sera ya wakati. Sisemi vijiji havikustahili. Nasema tu kwamba mtaro wa mjini haujui sera. Gari la taka likiharibika halina mwenyewe. Taa ya barabarani ikizimika hakuna diwani wa kulaumiwa, na bila wa kulaumiwa hakuna wa kuhangaika. Kufikia katikati ya muongo huo huduma za miji ya Tanzania zilikuwa zimeporomoka, na kipindupindu kilipoingia kikakuta mazingira yaliyokwisha kuandaliwa.

Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya dharura ya kurudisha halmashauri za miji. Zikafuata sheria za 1982: namba 7 kwa wilaya, namba 8 kwa miji, namba 9 kwa fedha zake, zikaanza kutumika Januari 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, akihojiwa na jarida moja la ng'ambo, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Viongozi wachache wamewahi kusema hivyo wakiwa bado madarakani. Lakini pia ni kweli kwamba maungamo hayarudishi magreda, wala mafaili, wala wahandisi waliokwisha kuhamishwa. Halmashauri zilizozaliwa upya zilianza na majengo na madeni. Tanga zaidi, maana bei ya katani ilikuwa imeanguka, na kile kilichoufanya mji uwe mji kilikuwa kinasinyaa.

Hivi leo Tanga ni jiji, tangu 2005. Ina kata 27 na mitaa 181, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 393,429, kutoka 273,332 miaka kumi kabla yake. Baraza la Madiwani hukutana kila miezi mitatu. Madiwani huvaa majoho, Mstahiki Meya huingia ukumbini watu wote wakiwa wamesimama, inasomwa dua, halafu mambo yanakwenda kwa mpangilio ambao karani wa 1909 angeufahamu bila kufundishwa. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa kikao, anaomba muhtasari uliopita uthibitishwe ukurasa kwa ukurasa. Mmoja anasimama kusema jina lake limekosewa. Halafu yatokanayo. Hapa ndipo penye uhai. Diwani anataka kujua ile barabara iliyoahidiwa kuchongwa robo iliyopita imefikia wapi. Mkuu wa idara anajibu kwamba utekelezaji unaendelea. Diwani anauliza unaendelea wapi, kwa sababu yeye anakaa pale na hajauona. Watu wanacheka, Meya anagonga meza, na jibu linaingizwa kwenye muhtasari ili lije liulizwe tena. Zinafuata taarifa za kamati za kudumu: Fedha na Uongozi; Mipango Miji na Mazingira; Uchumi, Afya na Elimu; UKIMWI. Mapato ya ndani yamefikia asilimia ngapi ya lengo. Mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hoja za Mkaguzi Mkuu zilizofungwa na zisizofungwa.

Asiyezoea atasinzia. Mimi naona hapo ndipo siasa ilipo hasa, kuliko kwenye mikutano ya hadhara ya uwanja wa Tangamano. Nenda Soko la Mgandini asubuhi. Mkusanya ushuru anapita kati ya vizimba na mashine yake ndogo, anabonyeza, risiti inatoka, muuza nyanya anaikunja na kuichomeka chini ya mzani. Ushuru ule umepangwa kwenye sheria ndogo, sheria ndogo ilipita kwenye kamati, kamati ikaipeleka barazani, na barazani alikuwapo diwani anayemjua yule mama kwa jina. Mama akiona kizimba chake kinavuja anajua pa kwenda: kwa mtendaji wa kata, au moja kwa moja kwa diwani. Huenda asisikilizwe. Ila anajua nani hakumsikiliza, na miaka mitano ikifika atakumbuka.

Ndiyo maana nikaumizwa na safari ya kodi ya majengo. Hiyo ni mrithi wa moja kwa moja wa rupia zile za 1898, na duniani kote ndiyo kodi ya asili ya mji: unailipa hapa kwa kuwa taa, mtaro na barabara viko hapa. Huduma nyingine zilikwisha kuondoka mikononi mwa halmashauri, maji yakaenda kwa mamlaka yake, na hilo lina mantiki yake. Bomba linalotoka bwawa la Mabayani linahitaji wataalamu. Kodi ya majengo haina udhuru huo. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulipelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Mwaka 2021 ukaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 2023 ikawa 1,500. Kwa mkusanyaji ni rahisi ajabu, hakuna daftari wala kubishiwa mlangoni. Nyumba ndogo ya Ngamiani yenye mita moja inalipa sawa na nyumba ya chini ya kifahari ufukweni Raskazone, jambo ambalo hata Mjerumani wa 1898 hakulithubutu. Na mpangaji aliyenunua umeme wa jioni anakuta amemlipia mwenye nyumba kodi yake. Serikali ilieleza kwamba wawili hao wakubaliane, mpangaji akate kwenye pango. Wengine wamekubaliana. Wengine walipotaka kukata waliambiwa watafute chumba kingine, na malalamiko yao hayana kikao cha kwenda, kwa sababu kiwango hakikupangwa na madiwani wa Tanga na hawana uwezo wa kukibadili.