Misalaba ya Shaba na Ile Mashini Inayolia

Katika kitabu hiki wenzetu wanaandika juu ya ndoa, ngoma na majina ya watoto. Sisi tulipewa kazi ya kuandika juu ya vitu vya chuma na shaba ambavyo wazee wetu walizikwa navyo kando ya Lualaba, na tulifikiri itakuwa kazi nyepesi. Kumbe sivyo. Katika mkutano mmoja wa matayarisho, kijana mmoja alisimama. Alikuwa ameona katika simu yake picha za Wazungu wanaotembea shambani na mashini ya kutafutia madini, na akauliza hivi:

«Bazungu banapita na mashini mu mashamba, ikilia banachimba, banapata zahabu, banabapatia makuta na jina mu gazeti. Sisi tukichimba na jembe, banatuita bezi. Juu ya nini?»

Watu walicheka, lakini hakuna aliyejibu. Tulirudi nyumbani na lile swali. Basi haya tunayoandika ni jibu letu kwake, hata kama si jibu zima.

Kwanza tuseme ile mashini ni kitu gani, kwa maana wengine wanaifanya kama uganga. Ni fimbo yenye sahani ya mviringo chini, na ndani ya sahani kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ukipita katika ule waya, unatoa nguvu ya sumaku inayoingia udongoni. Ikikuta chuma, shaba, fedha ao zahabu, kile kitu kinarudisha nguvu kidogo, na mashini inalia. Ni hivyo tu. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kitu cha namna hiyo mwaka wa 1881 ili kutafuta risasi iliyokuwa ndani ya mwili wa Rais Garfield wa Marekani, na hakuipata. Katika vita ya pili ya dunia ofisa mmoja wa Poland, Józef Kosacki, alitengeneza mashini ya kutafuta mabomu yaliyofukiwa, nayo ilitumika El Alamein, katika nchi ya Misri, mwaka wa 1942. Baada ya vita mashini za jeshi zilianza kufika katika mikono ya raia, na mchezo ukaanzia hapo. Kwetu huku wengi waliiona mara ya kwanza kwa watu waliokuja kutegua mabomu baada ya vita zetu wenyewe. Kwa hiyo tukiisikia inalia, sisi tunarudi nyuma. Mwingereza anapiga magoti na kuchimba.

Tunasema mchezo, kwani kwa wengi wao ni mchezo kweli, sawa vile wengine wanavyoenda kuvua samaki siku ya mapumziko. Siku nyingi wanarudi na misumari, vifungo vya koti na vifuniko vya chupa. Lakini mara moja moja udongo unatoa kitu kikubwa. Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, upande wa mashariki wa Uingereza, mkulima mmoja alikuwa amepoteza nyundo yake shambani. Alimwomba rafiki yake Eric Lawes, mzee aliyepewa mashini kama zawadi alipoacha kazi, aje amsaidie kutafuta. Mashini ikalia. Akachimba, akaona pesa za fedha na za zahabu, na vijiko.

Sasa kijana wetu asikilize hapa. Yule mzee akaacha kuchimba. Aliarifu wakubwa, na kesho yake wataalamu wa akiolojia wakaja kuchimba polepole, kipande kwa kipande. Zilikuwa pesa karibu 15,000 za wakati wa Waroma, pamoja na vyombo na mapambo. Na kwa sababu hakuna aliyevuruga, wataalamu waliweza kutambua hata sanduku la mbao lililokwisha kuoza, na namna vitu vilivyopangwa ndani yake: hiki juu, kile chini, visanduku vidogo ndani ya kubwa. Mbao hazilii katika mashini. Ni udongo wenyewe ulioshika alama yake. Lawes alipewa zawadi ya pauni milioni 1.75, na ijapokuwa sheria ya wakati ule haikumlazimisha, akagawa na yule mkulima. Nyundo pia ilipatikana. Iko katika makumbusho ya British Museum, London, pamoja na ile zahabu, na sisi tunaona ilistahili.

Wakati ule Waingereza walikuwa bado na sheria za zamani. Ile mpya ilitoka mwaka wa 1996: aliyeokota hazina ni lazima aitangaze, makumbusho yakiitaka yanalipa bei, na bei inagawanywa kati ya aliyeokota na mwenye ardhi. Tangu 1997 kuna pia maofisa wanaoandika vitu vidogo vinavyookotwa na raia, na vilivyoandikwa vimepita milioni moja. Wasiotii wanafungwa. Mwaka wa 2015 watu wawili walikuta katika shamba la Herefordshire pesa za Wavikingi na za wafalme wa zamani wa Uingereza, karibu 300, wakazificha na kuziuza kichinichini. Walihukumiwa mwaka wa 2019 kwenda gerezani miaka mingi, na mpaka siku ile zilikuwa zimeonekana 31 tu. Kwa hiyo hata kwao wezi wanaitwa wezi. Nao Wafaransa ni wakali zaidi: tangu sheria ya Desemba 1989, haikubaliwi kutafuta vitu vya historia kwa mashini bila ruhusa ya Serikali.

Turudi sasa kwetu, kwenye ziwa Kisale, katika jimbo la Haut-Lomami. Pale Sanga, kando ya maji, kuna makaburi ya watu walioishi tangu karne ya 8 mpaka ya 18. Mwaka wa 1957 Jacques Nenquin alichimba pale. Mwaka wa 1958 Jean Hiernaux na wenzake wakaendelea. Na mwaka wa 1974 akaja Pierre de Maret, ambaye baadaye alichimba pia mahali pengine katika bonde lile, kama Kamilamba, Katongo na Malemba-Nkulu. Ni Wazungu, ndiyo, na walifungua makaburi ya wazee wetu. Hatudhani kwamba mwaka wa 1957 wenye mji waliulizwa sana maoni yao. Hilo tunaliandika bila kulificha. Lakini walichimba kwa brashi na kwa daftari, na yale waliyoandika leo ni mali yetu.

Waliandika nini? Kwamba katika makaburi ya zamani sana, karne ya 8 mpaka ya 10, alizikwa mtu mwenye shoka la heshima, mpini wake umepambwa kwa misumari ya chuma, na karibu na kichwa chake kipande cha chuma cha kufulia, ile fuawe ya mfua chuma. Mtu yeyote aliyelelewa katika masimulizi ya Baluba anaelewa mara moja. Mbidi Kiluwe, Kalala Ilunga, utawala unaofuatana na chuma na ufuaji. Na hata zile pini za nywele zenye umbo la fuawe ambazo wanawake wazee walizijua. Tuliambiwa na watu wa shule kwamba zile ni hadithi za jioni. Basi kaburi limekutwa na fuawe kandokando ya kichwa cha mkubwa, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita.

Na misalaba ya shaba! Hii kila mtu wa Katanga anaijua kwa macho. Ilikuwa mitatu katika bendera ya Katanga ya mwaka 1960, na mmoja katika franka za 1961, upande wa pili wa ndizi. Wengine wanafikiri ni mambo ya misioni. Siyo, misalaba hii ilikuwa inazikwa na watu karne nyingi kabla ya padri wa kwanza kufika. Shaba yenyewe haiko Kisale. Ilitoka kusini, upande wa Kolwezi, Fungurume na Likasi, kilomita zaidi ya 200, ikabebwa na watu. Katika makaburi ya kwanza shaba ni mapambo zaidi, na misalaba ni michache. Halafu, tangu karne ya 14, misalaba inaongezeka. Ile mikubwa inakutwa juu ya kifua cha marehemu. Kadiri miaka inavyokwenda, misalaba inakuwa midogo, inafanana mmoja na mwingine, na inakutwa mkononi ao kwenye kiuno.

Tusimame hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo penye jibu. Kitu kikubwa kinachowekwa kifuani ni heshima. Vitu vidogo vilivyo sawasawa, vingi, katika mkono ao kiunoni, hizo ni pesa. Mtu amezikwa na pesa yake mahali alipozoea kuiweka akiwa hai. Ni kwa njia hiyo tunajua kwamba wazee wetu walikuwa na pesa ya shaba, na kwamba ilianza kama mali ya wakubwa, ikashuka polepole mpaka sokoni. Hakuna mtu aliyeandika hayo katika barua ao kitabu. Yameandikwa na mahali ambapo msalaba ulilala. Uutoe msalaba, uuweke katika mfuko, uzito wake unabaki uleule na rangi yake ileile, lakini kifua na mkono vimepotea. Hata ukiurudisha kesho na machozi, hauwezi tena kusema ulitoka wapi.

Na ile mashini ingesikia nini pale Sanga? Ingesikia misalaba, bangili na shoka. Isingesikia vyungu, ambavyo ndivyo vingi zaidi katika yale makaburi, vyungu vizuri vyenye kuonyesha karne ya kila kaburi. Isingesikia mifupa. Isingesikia yale makombe machache ya simbi yaliyotoka bahari ya Hindi na kufika mpaka Kisale kabla ya Vasco da Gama kuzaliwa. Mtu anayefuata mlio angevunja hayo yote kwa jembe ili afikie kitu cha gramu chache. Isitoshe, Hoxne lilikuwa sanduku katika shamba. Sanga ni makaburi. Mwingereza akienda kuchimba makaburi ya babu zake na mashini, hata yeye hataandikwa katika gazeti kwa sifa.

Lakini hatutaki kumjibu kijana wetu nusu. Swali lake lina upande mwingine, na upande ule ana haki. Lawes alijua ofisi ya kuarifu, na alijua hatapoteza kwa kusema kweli. Kwetu huku sheria ya kulinda vitu vya utamaduni ipo tangu tarehe 15 Machi 1971, na Institut des Musées ilianzishwa mwaka mmoja kabla yake. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Vizuri. Ila mama anayelima mihogo karibu na Kikondja, jembe lake likigonga shaba, ampelekee nani? Lubumbashi kwenye makumbusho ni mbali, njia tunaijua, na mnunuzi anayepita na pikipiki yuko mlangoni. Maoni yetu ni kwamba sheria isiyo na mtu wa kupokea kitu na kusema asante kwa mkono wenye kitu, inamsaidia yule wa pikipiki.

Tunajua tunachosema. Katika familia yetu kulikuwa na misalaba sita midogo ndani ya kopo la maziwa. Ilitoka katika shamba la bibi, kando ya Lualaba. Katika miaka ya 90, wakati wa njaa, mjomba aliuza mitano kwa mtu ambaye hatukumjua jina, kwa bei ya mfuko wa unga. Hatumlaumu mjomba, ule unga tuliula pia sisi. Miaka mingi baadaye tulimwonyesha mtaalamu mmoja ule wa sita. Hakuuliza bei. Aliuliza: ilikuwa pamoja ao imetawanyika? Kulikuwa na mifupa? Na chungu, kilikuwa cha namna gani? Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Tulitazamana.

Baada ya ule mkutano tulikwenda kwa shangazi, mtoto wa mwisho wa bibi, na tukamuuliza alikuwa wapi siku ile. Alifikiri sana. Akasema, «Nilikuwa mutoto, nilikuwa nachota mayi. Ilikuwa chini ya muembe, pale mitumbu inafikaka. Mama alisema kulikuwa kinyungu, akakifunika tena na udongo, juu aliogopa.» Tuliandika maneno yake kwenye karatasi, na tarehe, na jina la kijiji, na karatasi iko sasa ndani ya kopo pamoja na msalaba. Muembe ungali umesimama, anasema shangazi. Chungu, kama ni kweli alikifunika, kingali pale chini, na hakuna mashini itakayokisikia.