Watoto Wasiostahimili Jua: Jinsi Seli Inavyozuia Saratani

Katika miaka ya 1870, daktari wa ngozi Moriz Kaposi wa Vienna alieleza ugonjwa ambao mwaka 1882 aliuita zeroderma pigmentosamu. Ngozi ya wagonjwa ilikauka na kujaa madoa, na wengi walipata saratani wakiwa bado wadogo. Baadaye ilibainika kwamba jua ndilo linalouchochea. Lakini kila mtu hupigwa na jua. Kwa nini hawa waumie kiasi hicho?

Jibu lilianzia kwenye bakteria. Mwaka 1949, nchini Marekani, Albert Kelner aligundua kwamba bakteria waliodhuriwa na miale ya urujuanimno, ambayo imo pia katika jua, walipona kwa wingi walipowekwa kwenye mwanga wa kawaida. Mwaka 1964, watafiti kadhaa, akiwemo Richard Setlow, walionyesha kwamba bakteria hujitengeneza hata gizani.

Miale hiyo huunganisha herufi mbili za thaimini zilizo jirani katika uzi wa DNA, na uzi hupinda mahali hapo. Seli ikiunakili ukiwa hivyo, huweza kukosea. Na kosa likiangukia jeni inayodhibiti ukuaji, huweza kuzaa saratani. Ndiyo maana vimeng'enya huuwahi uzi huo: huukata pande zote mbili za jeraha, huondoa kipande kibovu, hujenga kipya kwa kufuata uzi wa pili ulio mzima, kisha huziba ncha.

James Cleaver, mtafiti wa San Francisco, alisoma habari za zeroderma pigmentosamu gazetini, akaomba seli za wagonjwa. Mwaka 1968 alitangaza matokeo: baada ya kupigwa miale, seli za watu wenye afya zilijenga vipande vipya vya DNA, ilhali za wagonjwa zilijenga vichache mno.

Hata hivyo, baadaye walipatikana wagonjwa ambao seli zao zilikata na kujenga kama kawaida. Je, Cleaver alikosea, au kulikuwa na njia nyingine ya kufikia saratani ileile? Mwaka 1999 ikathibitika kuwa ni hilo la pili. Wagonjwa hao walikosa kimeng'enya kinachonakili DNA kwa usahihi hata pale thaimini zilipoungana. Kasoro zilikuwa mbili, lakini zote zilirundika makosa kwenye jeni.

Kanuni hiyo haikuishia kwenye ngozi. Mwaka 1993, aina moja ya saratani ya utumbo mpana inayorithiwa ilihusishwa na jeni MSH2, ambayo husaidia kusahihisha makosa ya kunakili DNA. Mwaka 2015, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kufafanua njia za matengenezo ya DNA.

Ugonjwa huu alioueleza Kaposi bado hauna tiba ya kuumaliza. Lakini kwa kuwa chanzo chake kinajulikana, mzazi anaweza kuelezwa kwa uhakika la kufanya: mtoto akingwe dhidi ya jua tangu uchanga, na ngozi yake ichunguzwe mara kwa mara. Elimu hiyo huokoa maisha.