Ngoja Ngoja ya Laptopu: Ilivyozika Kampuni na Kuchelewesha Nchi

Wahenga waliacha methali mbili zinazogombana: subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zinakunjana mashati hasa pale mtu anapotaka kununua laptopu. Hela anayo mkononi, halafu jamaa yake anamwambia, "Acha kwanza, toleo jipya linakuja, hili litashuka bei." Mwezi unapita, hela inaliwa na kodi ya nyumba na michango ya harusi, na laptopu hakuna. Mchezo huu una zaidi ya miaka 40, na umeshatoa watu machozi.

Turudi Marekani, Aprili 1981. Kampuni changa ya California inazindua Osborne 1, kompyuta ya kwanza ya kubebeka iliyouzwa kwa wingi. Kubebeka kwenyewe ni kwa shida: uzito wake ni kama kilo 11, ikifungwa inafanana na cherehani ya mkononi, na kioo chake ni inchi 5 tu. Lakini bei ilikuwa dola 1,795, na ndani yake zilikuja programu za kuandikia na za mahesabu ambazo zikinunuliwa pekee zingekaribia bei ya mashine yote. Watu wakazigombania. Kwenye kilele chake kampuni ilikuwa ikiuza karibu mashine 10,000 kwa mwezi.

Mwenye kampuni alikuwa Mwingereza aliyewahi kuandika na kuchapisha vitabu vya kompyuta, na kuongea alikuwa anakujua. Mwanzoni mwa 1983 akaanza kuwasimulia watu habari za mashine mpya, bora kuliko ile iliyokuwa sokoni. Kosa lake ni kwamba hiyo mpya haikuwa tayari kuuzwa. Wenye maduka waliposikia, wakafuta oda. Mteja gani anunue ya zamani wakati mpya iko njiani? Mzigo ukalala stoo, hela ikakata, na Septemba 1983 kampuni ikatangaza kufilisika.

Kusema kweli, mdomo peke yake haukuiua. Washindani walikuwa wameshaingia, wengine wakiwa na kioo kikubwa zaidi na bei ndogo zaidi. Lakini jina la kampuni hiyo limebaki kuwa onyo: hadi leo wafanyabiashara wa vifaa vya kielektroniki huita kosa hilo "athari ya Osborne", na ndiyo maana kampuni kubwa hukaa kimya hadi siku ya uzinduzi. Ukisikia muuzaji anakwambia hakuna jipya linalokuja, ujue amefundishwa na msiba wa wenzake.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake cha kungoja, na hapa hakikuwa cha mtu mmoja dukani. Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri. Mahesabu ya serikali yaliyoingizwa kwenye mashine yalileta hasara na vurugu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Hoja ilikuwa na mantiki yake: fedha za kigeni ni chache, wataalamu hawapo, tungoje kwanza. Ila dunia haikungoja. Wakati marufuku inalegezwa kidogo kidogo miaka ya baadaye, kompyuta zilikuwa zimeshatoka kwenye vyumba vikubwa na kukaa juu ya meza. Televisheni kwa upande wa Bara ilisubiri hadi 1994.

Kenya ikaja na ngoja ngoja ya aina nyingine. Kwenye kampeni za 2013, watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu. Zabuni ikaingia mahakamani, miaka ikakatika, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa tableti. Yule mtoto aliyeahidiwa laptopu akiwa darasa la kwanza alikuwa ameshapanda hadi la nne. Mzazi aliyekuwa na uwezo wa kununua ya mtumba akaamua kungoja ya bure, alijikuta hana yoyote.

Na hiyo imani kwamba bei hushuka siku zote? Mwaka 2011 mafuriko makubwa yaliikumba Thailand, nchi iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya diski za kompyuta duniani. Viwanda vikazama, bei za diski zikaruka, na waliokuwa wakisubiri ofa za mwisho wa mwaka wakakuta mambo yamegeuka. Mwaka 2020 ikaja korona: ofisi na shule zikahamia nyumbani, laptopu zikaadimika, na hata za mtumba zikapanda.

Basi lini subira ina faida? Pale tu tarehe inapojulikana. Mfano mzuri ni 14 Oktoba 2025, siku ambayo Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida. Tarehe hiyo ilitangazwa miaka mingi kabla. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hukubali rasmi mashine za karibuni tu. Kwa prosesa za Intel, kwa ujumla ni kuanzia kizazi cha nane. Makampuni ya Ulaya na Marekani yaliyotaka kuhama yalilazimika kuachana na mashine nyingi za zamani ambazo bado zinawaka vizuri.

Na hapo ndipo swali la "wapi" linapoingia. Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo au mitaa ya katikati ya Nairobi zilianza maisha kwenye ofisi za ughaibuni. Kampuni ikimaliza miaka yake mitatu au minne nazo, huziachia, madalali huzikusanya, na nyingine hupitia Dubai kabla ya kushushwa huku. Zinakuwa imara kuliko mpya za bei poa, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya kazi. Hatari ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Stika ya "i5" peke yake haisemi kitu: i5-4300U ni kizazi cha nne, i5-8250U ni kizazi cha nane, na dukani zinaweza kukaa bega kwa bega zikipishana bei kidogo tu. Anayejua kusoma namba hiyo haingizwi mjini kirahisi. Na mwenye akili huiwasha, huchomoa chaja aone betri inakaa muda gani, hujaribu kila kitufe cha kibodi, ndipo anatoa hela.

Ya dukani yenye warantii ina heshima yake, hasa kwa mtu ambaye mashine ikilala siku mbili mkate wake unalala pia. Lakini warantii ya nchi nyingine, kwa laptopu iliyoletwa na shangazi kutoka ughaibuni, mara nyingi haimsaidii mtu aliye Mwanza au Kisumu.

Historia yote hii inaelekea sehemu moja. Waliopata hasara kubwa zaidi hawakuwa wale walionunua wiki moja kabla ya toleo jipya. Hao walipoteza shilingi kadhaa na kulalamika kidogo. Waliopoteza kweli ni wale waliokuwa na kazi ya kufanya na hawakuwa na kifaa cha kuifanyia: nchi iliyosubiri, darasa lililosubiri, mwanafunzi anayeandika ripoti ya mwisho kwenye simu kwa sababu kaambiwa avute subira hadi Novemba. Toleo jipya litakuja tu, na likishafika, lingine litakuwa njiani.

Mdau, ya kwako ulinunua lini, na nani alikuwa anakwambia ngoja kwanza?