Mzigo wako umekwama, lipa kidogo

Mwezi uliopita mamangu alikuwa anangoja mzigo ambao dadangu alituma kutoka Doha. SMS ikaingia: mzigo umefika, anwani haijakamilika, bonyeza hapa ulipe shilingi 87. Nilimpata ameshajaza namba ya kadi ya benki, zimebaki zile tarakimu 3 za nyuma. "Lakini ni 87 tu," akaniambia.

Watu hudhani hii janja ni ya juzi. Wapi! Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Vidocq, mfungwa wa Ufaransa aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi jijini Paris, alieleza jinsi wafungwa walivyowaandikia matajiri barua: kuna sanduku la dhahabu nililificha, nitumie pesa kidogo tulipate. Kufikia 1898, gazeti la New York Times lilikuwa linaandika kuhusu barua za "mfungwa wa Uhispania" na kuziita ulaghai wa kale uliofufuka.

Sisi nasi M-Pesa ilikuja Machi 2007, na baadaye tukazoea "ile pesa tuma kwa hii namba", hadi Kamiti ikawa mzaha wa taifa zima. Barua kutoka jela, SMS kutoka jela. Karne mbili, bana.

Kinachoniogopesha ni kwamba sanduku la dhahabu lilihitaji mtu mwenye tamaa. Mzigo unahitaji mtu anayengoja tu, na siku hizi nani hangoji kitu? Mwaka 2021 huko Ulaya, FluBot ilisambaa kwa SMS za aina hii hii: ukifuata kiungo na kukubali programu yao, simu ya Android inaanza kuiba nywila za benki. Europol ilitangaza kuzimwa kwake Juni 2022, lakini SMS za mizigo hazikuisha.

Hizo 87 si shida yao. Wanataka kadi, kisha ile kodi ya benki inayoingia kwa simu. Kurasa zingine hunyakua kila tarakimu unapoiandika, hata kabla hujabonyeza "tuma". Tovuti ya Posta ni posta.co.ke, ukiona jina la Posta limefuatwa na.top, toka. Na ukiambiwa ujibu "Y" kwanza, jua iPhone hufunga viungo vya mtu usiyemjua mpaka umjibu.

Tulipigia benki, kadi ikafungwa siku hiyo hiyo. Mzigo wenyewe ulifika Alhamisi. Mama alimkatia dereva simu mara tatu.