Bath: majimoto ya Warumi na ugomvi wa Nyanza

Mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita kwenye vilima vya Mendip, kusini-magharibi mwa Uingereza, ndiyo inayobubujika leo katikati ya mji wa Bath. Ilizama ardhini kupitia miamba ya chokaa, ikapata joto huko chini, ikapanda tena kwenye nyufa ikiwa na nyuzi 46 hivi. Kila siku hutoka zaidi ya lita milioni moja.

Warumi walipofika waliwakuta wenyeji wakiiheshimu chemchemi hiyo kuwa ni ya mungu wa kike, Sulis. Hawakumfukuza. Walimuunganisha na Minerva wao, wakajenga hekalu na hamamu, na mji wakauita Aquae Sulis. Birika kuu, lililotandikwa mabamba ya risasi, lingali na maji hadi leo. Kwangu mimi, hata hivyo, uhondo wa makumbusho yaliyopo hapo uko kwenye vibao 130 hivi vya risasi vilivyookotwa chemchemini. Aliyeibiwa joho au nguo ya kuogea aliandika mashtaka yake, akakikunja kibao na kukitupa majini, mungu amshughulikie mwizi. Aliyewahi kusikia halbadiri ikisomwa pwani hahitaji maelezo zaidi.

Karne ya 18 mji ukawa uwanja wa matajiri. Malkia Anne alikuja kuoga mwaka 1702, wakubwa wakamfuata, na mcheza kamari Beau Nash akawa msimamizi wa starehe zao. Nyumba 30 za Royal Crescent, zilizojengwa kwa umbo la mwezi mwandamo kati ya 1767 na 1775, ni za zama hizo. Ni nzuri kweli, ila sehemu ya fedha zilizochezewa mjini humo ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibi, kwa jasho la watumwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, wiki ya kukumbukwa ni ya Septemba 1864. Wanasayansi wa Uingereza walikuwa wamekutana Bath, na tarehe 16 wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke walitarajiwa kujadiliana hadharani kuhusu chanzo cha mto Nile. Wawili hao walisafiri pamoja kutoka Unguja mwaka 1857, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, kisha Ujiji. Waliporudi Kazeh, Burton alibaki, Speke akaenda kaskazini na kuliona Ziwa Nyanza Agosti 1858. Akashikilia kwamba Nile inaanzia pale. Burton alikataa: ushahidi uko wapi? Urafiki ukageuka uadui.

Mjadala haukufanyika. Alasiri ya tarehe 15 Speke alikwenda kuwinda kware nje ya mji. Akiwa anapanda ukuta wa mawe, bunduki yake ikafyatuka na kumpiga kifuani. Uchunguzi rasmi ulisema ni ajali. Wengine hawajaacha kunong'ona hadi leo. Habari ilimfikia Burton palepale kwenye mkutano. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alilizunguka ziwa, na hoja ya Speke ikapata nguvu.

Ila tusisahau nani aliwaelekeza. Habari za ziwa la kaskazini walizipata Kazeh kwa wafanyabiashara wa Oman, akina Snay bin Amir. Na aliyekuwa na Speke ziwani ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kupelekwa utumwani India. Mkutanoni Bath hakuwepo, wala Snay hakuwepo. Waungwana walikusanyika kuamua habari za ziwa ambalo karibu wote hawajapata kulitia machoni.

Baadaye mji huo ulimpokea mkimbizi mkubwa. Italia ilipoivamia Ethiopia, mfalme wake Haile Selassie aliishi uhamishoni Bath kuanzia 1936 hadi 1940, katika jumba la Fairfield. Alirejea Addis Ababa Mei 1941, na mwaka 1958 akaitunuku halmashauri ya mji nyumba hiyo itumike kwa wazee.

Ukienda, usitie mkono kwenye birika la Warumi: maji yake hayajatibiwa, na kuoga humo ni marufuku. Wanaotaka kuoga huenda Thermae Bath Spa, iliyofunguliwa mwaka 2006. Ukishatoka majini, panda basi uende Fairfield. Iko mbali kidogo na katikati ya mji, na watalii wengi huikosa.