Kirsten Neuschäfer: Mwanamke wa Afrika aliyeizunguka dunia peke yake

Safari za wanawake wanaovuka bahari peke yao kwa mashua ya tanga zilianza kupata sifa Januari 1953, Mwingereza Ann Davison alipotia nanga Dominica baada ya kuvuka Atlantiki. Mwaka 1978 Krystyna Chojnowska-Liskiewicz wa Poland akawa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, akipitia Mfereji wa Panama. Wiki chache baadaye Naomi James wa New Zealand naye akamaliza, yeye kwa njia ngumu ya Rasi ya Horn.

Lakini mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya kuizunguka dunia peke yake ni Mwafrika: Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini. Tarehe 4 Septemba 2022 mabaharia 16 waling'oa nanga Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, kushindana katika Golden Globe Race, na mwanamke alikuwa yeye tu. Masharti yalikuwa makali: mashua za mtindo wa zamani, hakuna kutia nanga njiani, na njia itafutwe kwa jua na nyota. Mwendo ulikuwa kilomita 55,000 hivi, ambazo kwa msafiri wa Masumbwe, mkoani Geita, Tanzania, ni kwenda Dar es Salaam na kurudi zaidi ya mara 20.

Novemba, kusini mwa Bahari ya Hindi, mashua ya Mfini Tapio Lehtinen ilizama kwa dakika tano. Neuschäfer aliarifiwa, akageuza Minnehaha, mashua yake, na kushika usukani usiku kucha. Asubuhi mawimbi yalimficha mwenzake. Lehtinen, aliyeliona tanga kutoka kwenye chelezo chake cha kuokolea, alimwelekeza kwa redio. Neuschäfer alimvuta kwa kamba, wakanywa ramu kidogo, kisha akamkabidhi kwa meli ya mizigo na kuendelea na safari. Waandaaji walimrudishia saa 35 alizopoteza.

Ujasiri huo haujatangazwa vya kutosha huku Kanda ya Ziwa, ambako wasichana wengi bado huambiwa kuwa mtumbwi ni kazi ya wanaume. Somo lake lingefaa kuingia darasani.

Tarehe 27 Aprili 2023 upepo ulikata Neuschäfer alipokuwa karibu na mstari wa mwisho, akasubiri kwa saa kadhaa. Alipouvuka alikuwa ametimiza siku 235 baharini, na hapo ndipo alipoambiwa kuwa ameshinda. Abhilash Tomy wa India alifuata, na Michael Guggenberger wa Austria akawa wa tatu.